Unyayo Kwenye Ukingo wa Kisima

Mara ya tatu andiko langu la utafiti wa uzamili liliporudishwa, lilikuwa limepigwa mstari mwekundu kutoka kona hadi kona, na juu yake msimamizi wangu alikuwa ameandika maneno manne tu: "Hiki ni chakula. Acha." Mimi ni mwalimu wa historia. Nimefundisha sekondari moja ya Uyui kwa miaka kumi na miwili, nimesahihisha mpaka madaftari ya watoto walioandika huku wanasinzia, na sijawahi kumpigia mtu mstari wa namna ile. Nilisimama mbele ya meza yake, mtu mzima mwenye watoto wawili, karatasi zangu nimezishika kwa mikono miwili, nimekasirika.

Nilichotaka kuandika kilikuwa rahisi kukieleza. Kila kitabu nilichofundishia kina habari za misafara iliyopita Tabora ikienda pwani na kurudi: pembe, nguo, shanga, bunduki, watu waliofungwa minyororo, na mabwana waliojipatia utajiri. Mamia ya watu wanatembea kwa miezi, ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna hata mmoja anayekula. Mimi nilitaka kujua walikula nini walipoondoka kwetu, nani alikiandaa, na nani alipanga bei yake. Nimekulia kwenye nyumba ambayo kila mwaka, viazi vitamu vikishavunwa, wanawake wanaketi chini kuvimenya na kuvikata. Vibichi vikianikwa vinakuwa michembe. Vilivyochemshwa kwanza vinakuwa matobolwa, ambayo hayahitaji moto tena: unatia mfukoni, unatafuna, unatembea. Nilikuwa na hakika kwamba sehemu ya historia ya ile njia imeanikwa hapo juani, na watu wanairuka wakipita.

Msimamizi wangu naye aliiruka. "Wewe ni mtu wa Tabora," alisema, macho yake bado yako kwenye kompyuta. "Mada yako iko uani kwenu. Unahangaika na viazi vya nini?" Akavuta rafuni tasnifu yake mwenyewe ya udaktari, yenye jalada jeusi, akanisukumia mezani. "Soma sura ya tano. Mila ya wapagazi kuoshwa miguu. Miaka yote hii hakuna aliyeiendeleza. Ukiichukua wewe, kamati inaipitisha muhula huuhuu."

Alisema kwa ukarimu, kama mtu anayekumegea shamba lake. Ruhusa yangu ya masomo ilikuwa ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza uliliwa na masomo ya darasani, na nusu ya mwaka wa pili ikaliwa na kukataliwa. Mada isipopita muhula ule, ningerudi shuleni mikono mitupu, na barua ya kujieleza juu. Nikaichukua tasnifu yake nikaenda nayo maktaba.

Sikatai, mtu yule anaandika vizuri. Sura ya tano inaeleza kwamba wapagazi, kabla ya kushika njia ya pwani, walipanga mstari kwenye kisima kimoja cha kale hapo Tabora, na bibi kizee akawamwagia maji miguuni mmoja mmoja. Maji yale yaliaminika kuzuia nyayo zisipasuke njiani. Nilisoma nikaguswa. Nilijilaumu hata, nikasema labda mimi kweli nimekaa na viazi huku jambo zito kama hili liko mtaani kwetu na silijui. Kisha nikafungua ukurasa wenye picha.

Mzee amesimama kando ya kisima, amevaa kofia ya kazi, tepu ya kupimia imening'inia shingoni. Ni baba yangu mkubwa, kaka yake marehemu baba, fundi cherehani ambaye mpaka leo anashona kanzu kwenye baraza ya nyumba yetu, mtaa wa Ng'ambo kule Tabora. Chini yake kuna picha ndogo ya ukingo wa kisima, na kwenye saruji kuna alama ya mguu wa kushoto, mdogo sana. Maelezo ya picha yanasema: "Unyayo uliohifadhiwa kwenye ukingo, kumbukumbu ya mila ya kuoshwa miguu."

Unyayo ule ni wangu.

Kisima kile kilichimbwa mwaka niliozaliwa. Baba yangu alikuwa mwashi. Yeye na kaka yake ndio walioshuka na sululu, na mama, mimi nikiwa tumboni, alibeba udongo kwa beseni mpaka majirani wakamkataza. Maji yakapatikana wiki ya arobaini yangu, na nikaogeshwa kwa maji hayo ya kwanza. Siku hiyohiyo baba alikuwa anamalizia ukingo. Kabla saruji haijakauka, akanichukua kwa mama, akaukandamiza mguu wangu pale. Nyumba nzima inajua. Wanangu mimi mwenyewe wamekua wakipimisha miguu yao kwenye alama ile.

Kwanza nilicheka, peke yangu pale maktaba, mpaka msichana wa meza ya jirani akanitazama vibaya. Kicheko kiliisha upesi. Mtu amepata udaktari kwa mguu wangu wa siku arobaini, na kwa udaktari huo ndio anapata kalamu nyekundu ya kunipiga mistari. Sasa ananitaka niandike kurasa mia na hamsini kuuthibitisha. Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye basi la Tabora, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia baba mkubwa.

Nilimkuta mahali pake, cherehani mbele, kanzu nyeupe imemfunika magoti.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona ghafla? Wazima huko?"

Sikungoja chai. Nilimwekea mbele nakala ya picha niliyotoa maktaba. Alivaa miwani, akaiangalia muda mrefu sana.

"Kofia hii niliishona mwenyewe," alisema. "Sijui iliishia wapi."

"Baba mkubwa, huyu mtu ulimwambia nini?"

Alikumbuka kila kitu. Alimkumbuka msimamizi wangu akiwa kijana mwembamba mwenye daftari, aliyeletwa na mwenyekiti wa mtaa. Wakati huo mimi nilikuwa shule ya bweni, ndiyo maana sikumwona.

"Alikaa siku tatu hapa," baba mkubwa alisema. "Siku ya kwanza nilimpa ya kweli. Nilimweleza habari za mama yake bibi yangu, aliyekuwa akiwakaushia wapagazi matobolwa. Nimesema siku ile mpaka sauti imekauka. Kalamu yake imelala tu. Siku ya pili nikampa habari za reli, nikampa za soko. Kalamu imelala. Siku ya tatu ameshafunga begi lake, anakwenda kunawa mikono kisimani, ndipo akauona mguu wako. Macho yakamtoka. Akaniuliza, mzee, huu ni wa nani, ni wa mpagazi? Nikasema moyoni, huyu kijana ametoka mbali, amekula kwangu, na anaondoka hana kitu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hana shamba la kulima. Nikampa miguu."

"Kwa hiyo ulimdanganya."

"Mteja akija na picha ya nguo anayoitaka, mimi simwambii kwamba haitamkaa. Nachukua kipimo, nashona. Yule alikuja na picha yake tayari. Mimi nilikata kitambaa tu."

Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia ameniharibia masomo, amewaharibia watu wengine nisiowajua, na kwamba heshima yake kwa mgeni imetugeuza sisi kichekesho. Yeye aliendelea kuzungusha gurudumu la cherehani taratibu, akashona upindo wote wa kanzu mpaka mwisho, akaukata uzi kwa meno. Kisha akaniambia ninywe chai, imepoa.

Nilifikiri hakuna kitakachoniudhi zaidi ya hapo. Siku ya kuondoka, nimeshabeba begi, mama yangu akatoka uani na kopo la maji. "Vua viatu," akasema. "Nyoosha miguu."

Nilimtazama nisimwelewe. Akaniambia ndivyo wanavyofanya siku hizi mtaani, mtu akisafiri anamwagiwa maji ya kisima miguuni, afike salama. Walianza baada ya wanafunzi wa chuo na wageni wenye kamera kuja kuuliza habari za miguu. Waliulizwa sana mpaka wakaanza kufanya. Jirani wa pili alimmwagia mwanawe anayekwenda jeshi. Mwenye duka amemmwagia mkewe anayekwenda kujifungua.

"Mama, wewe ulibeba udongo wa kisima hiki kwa kichwa chako."

"Nilibeba."

"Unajua kabisa hakuna mpagazi aliyewahi kukiona."

"Najua. Kwani maji yana ubaya gani?" Akainama, akanimwagia. Maji yalikuwa ya baridi na mazuri, na hilo nalo liliniudhi. Nilifika stendi viatu vimelowa.

Msimamizi alinipokea vizuri, akidhani nimekuja kukubali. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza yote kwa utulivu niliokuwa nimeufanyia mazoezi kwenye basi: kisima kilichimbwa lini, nani alikichimba, mguu ni wa nani. Nilitaja saruji. Nilimwambia, kwa adabu, kwamba wapagazi walikuwa wameshapitwa na reli kabla baba yangu hajazaliwa.

Alisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika, na naona hilo ndilo lililonivunja zaidi.

"Saruji inaweza kuwa ya ukarabati," alisema. "Visima vya zamani hukarabatiwa. Una ushahidi gani kwamba mguu ni wako?"

"Ninao mguu wenyewe, Daktari."

Akatazama viatu vyangu chini ya meza. Kwa sekunde moja nilidhani ataniambia nivivue. "Yule mzee ana miaka mingapi sasa?" aliuliza.

"Themanini na kitu."

"Ndiyo hivyo. Kumbukumbu zimechoka. Mimi nilimhoji akiwa na akili zake timamu, na maneno yake nimeyanukuu neno kwa neno. Kitaaluma, maelezo ya mwanzo ndiyo yenye uzito."

"Maelezo ya mwanzo yalikuwa ya matobolwa. Siku ya kwanza alikueleza matobolwa."

"Siku ya kwanza ni ya kuzoeana na mtoa taarifa," alisema. "Hayo hayakuwa data."

Basi ndivyo ilivyo. Mzee akisema uongo unaopendeza, ana akili timamu. Akisema kweli, amezeeka. Na maneno yake yaliyochapishwa yana haki ya kumnyamazisha yeye mwenyewe akiwa hai, ameketi kwenye baraza yake anatunga uzi kwenye sindano bila msaada wa mtu. Nimewahi kukasirika maishani, na wanafunzi wangu ni mashahidi, lakini si kama siku ile. Msimamizi akanipa mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata nimpelekee mada ya miguu, au amwandikie mkuu wa idara kwamba nimeshindwa.

Nilirudi Tabora tena. Sikuwa na mpango. Usiku ule wa safari nilikuwa nimeshaanza kuandika mada yake kichwani, nasema ukweli. Niliona kurasa zinavyokwenda, shukrani, faharasa, joho la mahafali. Watu wengine wamefanya mabaya zaidi ya hapo wakalala usingizi. Na kulikuwa na jambo jingine lililonifunga: nikiandika kwamba mila ile ni ya kubuni, nitakuwa nimemtia aibu baba mkubwa mbele ya mtaa mzima unaomwita mzee wa historia.

Nilimkuta na pini mdomoni, anapima urefu wa suruali. Nilimweleza kila kitu. Nilipofika pale pa kumbukumbu zimechoka, alitoa zile pini moja moja, akazichomeka kwenye kijimto cha pini. Sikuwahi kumwona amekaa mbele ya cherehani mikono haina kazi.

"Amesema hivyo," alisema baadaye.

"Amesema hivyo."

"Basi andika miguu, mwanangu. Umalize shule. Mimi sina neno."

Hapo ndipo yote yalipomwagika. Alikuwa ananifanyia mimi kile alichomfanyia yule. Ananiona nimetoka mbali, nimechoka, naondoka mikono mitupu, basi ananikatia kitambaa kwa kipimo nilicholeta. "Mimi si mgeni, Baba mkubwa," nilisema, na sauti ilikuwa kubwa mpaka mama akachungulia dirishani. "Mimi si mgeni wa kupewa kitu cha kuondokea. Mimi ni wa humu ndani."

Alinitazama juu ya miwani. "Wa humu ndani angeuliza," alisema. "Umekuja hapa mara mbili. Mara ya kwanza umenigombeza. Mara ya pili umeniletea maneno ya mwalimu wako. Hivyo viazi unavyovililia mwaka mzima, mimi ninavijua kwa mdomo wa bibi yangu, na hujaniuliza hata kimoja."

Nilikuwa nimeandika andiko mara tatu. Nilikuwa nimetaja ndani yake vitabu vya watu wa ng'ambo ya bahari ambao hawajui kiazi kikikatwa kinatoa utomvu wa rangi gani. Nilikuwa nimepanga kwenda Kigwa, kwenda Urambo, kuhoji wanawake arobaini kwa dodoso. Na mtu aliyeshona sare yangu ya darasa la kwanza alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kitandani kwangu, na nilichowahi kumletea ni hasira. Hasira ile haikuwa na pa kwenda tena ila kwangu. Nilivua viatu, nikakaa mkekani.

"Mama yake bibi yako," nilisema, "alikuwa nani?"

Alisema mpaka adhana ya adhuhuri, akaenda kuswali, akarudi akaendelea. Yule mama alikuwa mtu wa upande wa Kigwa, kabla ya reli, misafara ikipita karibu na nyumba yao. Alianika matobolwa juu ya miamba, yeye na wake wenzake, mamia ya vikapu. Walilipwa kwa chumvi na nguo, na nguo mbovu alizirudisha. Kiongozi wa msafara akija na dharau, yule mama aliokota kipande kimoja, akakivunja karibu na sikio lake, akasikiliza kinavyolia, kisha akasema bado, hayajakauka. Msafara mzima ukalala siku nyingine. Wanaume wenye bunduki walikaa wakingoja mwanamke mmoja asikilize kiazi. Mvua za mapema zikija, hakuna aliyeondoka.

Niliandika mpaka kidole kikaota sugu. Mwishoni nikamwuliza jina lake. Alilisema mara moja, bila kufikiri, jina la Kinyamwezi, fupi. Mama, aliyekuwa ameshakuja kukaa nasi, hakuwahi kulisikia, na ameolewa katika nyumba hii miaka arobaini. Sote tunajua kisima. Jina hilo lilikuwa limebaki kwenye kichwa kimoja tu, kile wanachosema kimechoka.

"Na habari ya miguu?" nilimwuliza baba mkubwa. "Nikiandika, watu watajua."

"Andika," alisema. "Uandike pia kwamba siku ya kwanza nilisema kweli."

Ijumaa nilituma andiko la nne. Mahali pa mada niliandika jina la yule mama, na chini yake: chakula cha misafara na mamlaka ya wanawake waliokikausha. Sentensi ya kwanza ya utangulizi inasema kwamba kisima cha nyumba yetu kilichimbwa mwaka niliozaliwa, na unyayo ulio juu yake ni wangu.

Muhula uliisha bila sahihi ya msimamizi, na ruhusa yangu ikaisha nayo. Sasa nimerudi shuleni, nafundisha misafara kutoka kwenye vitabu vilevile, ila nikifika kwenye Tabora nafunga kitabu. Hasira haijapoa, na sina haraka ya kuipoza. Kutoka kwa msimamizi nimepata jibu moja tu, mstari mmoja kwenye barua pepe. Alikuwa amenakili lile jina kutoka juu ya karatasi yangu, na mbele yake ameandika: "Huyu ni nani?"

Hilo ndilo swali alilotakiwa kuuliza siku ya kwanza, akiwa kwenye baraza yetu, daftari lake likiwa bado wazi.